Jiwe la Mwamvua Kwenye Foleni

Watu wa siku hizi mkiambiwa kwamba zamani mawe yalikuwa yakipanga foleni, mnacheka. Chekeni tu. Hapa Ngamiani, Tanga, miaka ya themanini na mbili na themanini na tatu, mawe yalipanga foleni, tena kwa adabu kuliko wenyewe. Habari ikienea kwamba lori la sukari limeingia mjini, kila nyumba ilipeleka jiwe lake mbele ya duka la ushirika, likawekwa mstarini, mwenyewe akarudi kupika na kufua. Duka lilipofunguliwa, saa nne au saa nane au kesho yake, kila mtu alikwenda kusimama palipo na jiwe lake. Hapakuwa na aliyelikosea. Jirani yangu alikuwa na nusu tofali, mwingine kifuniko cha sufuria kilichotoboka. Kwangu tulikuwa na jiwe jeusi la relini, kwa sababu nilikuwa karani wa reli kabla sijastaafu.

Jina langu Hamad Shekhe. Nimezaliwa Wete, Pemba, nikaja Tanga kijana, na Barabara ya Kumi na Tano ndiko nilikooa na kuzeeka. Miaka hiyo nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Ubalozi si cheo cha kutikisa nchi, lakini sukari ilipokuwa haba balozi alisalimiwa kuliko daktari, maana daftari la kaya lilikaa kwake. Jina lako likiwamo, duka lilikupa sukari yako, kipande chako cha sabuni, na ule unga wa njano tuliouita Yanga. Jina lako likikosekana, ungeweza kuweka mlima mzima mstarini na bado ukarudi mikono mitupu.

Katika mstari wetu palikuwa na jiwe moja lisilokuwa na jina daftarini. Lilikuwa kipande cha tumbawe, cheupe, upande mmoja kimepakwa rangi ya kijani ya milango. Lilikuwa la Mwamvua. Nitawasimulia habari zake, na nawaonya mapema kwamba mimi sitoki vizuri katika habari hizi.

Mwamvua binti Masoud alizaliwa Tongoni, kwa mama aliyekuwa akikaanga vitumbua vya kusifiwa mpaka mjini. Aliolewa na mtu wa kinu cha mkonge, shamba moja lililokuwa njia ya Muheza, na huko kambini ndiko alikojifunza kusoma, katika madarasa ya watu wazima. Bei ya mkonge ilipoporomoka mumewe akapunguzwa kazi. Akasema anakwenda Mombasa kutafuta riziki. Hakuandika, hakurudi, wala hakuacha talaka. Shamba likamtoa Mwamvua katika chumba cha kambi. Aliporudi Tongoni alikuta mama amekwisha kufa na kaka zake wanagombea muhogo. Akaja mjini, akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu, yeye na mwenzake mmoja aitwaye Rahila, na jioni wakawa wanakwenda kusimama karibu na stesheni. Sina haja ya kupamba maneno. Alikuwa malaya, mtaa mzima ulijua, na waliokuwa wakijua vizuri zaidi walikuwa wanaume wenye kanzu safi.

Asubuhi moja alikuja kwangu barazani. Ilikuwa siku ile sukari ilipokuja imechanganyika na mchanga, mtaa mzima ukawa unachekecha. Tarehe yenyewe niliisahau upesi, na mtaona ni nani aliyekuja kunikumbusha.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba." Sikuinua macho.

"Nimekuja uniandike kaya."

"Kaya ya nani?"

"Yangu. Mie na chumba changu."

Nikamweleza kwamba kaya ina mkuu, na mkuu ni mume au baba au kaka. Mwanamke akiwa peke yake, alete talaka au cheti cha kufiwa. "Una talaka?" nikamwuliza.

"Wa kuniandikia hayupo."

"Basi wewe bado ni mke wa mtu. Kaya yako iko huko aliko mumeo."

"Huko ni wapi, Balozi? Ukipajua nambie, nende nikadai sukari yangu."

Ndani nilimsikia mke wangu, Nasra, ameacha kupepeta mchele ili asikie vizuri. Nikajitia ukali. Nikamwambia sukari mbona anayo, kila mtu anajua Fadhil anampa. Fadhil alikuwa mtunza ghala, mtu aliyekuwa na sukari wakati wote, hata siku ambazo wagonjwa walikunywa uji mtupu. Aliyoyapata kwa sukari ile, na kwa wanawake wangapi, mimi siwezi kuyamaliza.

Mwamvua hakukasirika. Alikaa chini pembeni ya baraza, akakunja kanga yake magotini.

"Sukari ninayo," akasema. "Ninachokosa ni sukari isiyokuja na mtu. Nikikaanga vitumbua kwa sukari ya Fadhil, Fadhil atakuja kuidai, na wewe unajua hadai pesa. Nikiandikwa, nikapata kilo zangu kama Bi Nasra anavyopata zake, nitakaanga alfajiri, nitauza bandarini, jioni nitafunga mlango wangu. Sina jingine ninalotaka, Balozi. Nataka kufunga mlango."

Nikamwambia nitalitazama. Maneno hayo, yakitoka kwa mtu mwenye daftari, yana maana kwamba hatalitazama.

Na ile kanuni ya talaka na cheti, nikwambieni ukweli, hakuna aliyeniletea kwa maandishi. Niliitunga mwenyewe pale barazani. Nilimkatalia kwa sababu nilijua mtaa utasema nini nikimwandika. Utasema: Balozi kamwandika Mwamvua, kalipwa nini? Nilikuwa na miaka hamsini na tano na sifa ya kuwahi msikitini, na niliipenda sifa hiyo. Tena nilimwogopa Nasra, na hilo naliungama bila aibu.

Lori lililofuata lilipokuja, jiwe la kijani lilikuwa mstarini, la tisa kutoka mwanzo. Nasra alilisukuma kwa mguu mpaka mtaroni. Wanawake wengine wakacheka. Mwamvua akaja, akaliokota, akalifuta kwa pindo la kanga, akaenda kuliweka mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya kila mtu, akasimama hapo. Nilisoma majina yote. Kila aliyeitwa alichukua haki yake. Lilipofika jiwe lake nikafunga daftari, nikamwambia mwuza duka, "Wamekwisha." Mwamvua akachukua jiwe lake akarudi nalo nyumbani kwake.

Nilidhani yameishia hapo. Lori jingine lilipokuja, jiwe lilikuwapo. Na jingine. Nasra alilipiga teke, yeye akaliokota, akalifuta, akaenda mwisho. Hakutukana mtu, hakulia, hakunibembeleza. Ikifika zamu yake ananitazama usoni, anasema, "Mwamvua binti Masoud," kana kwamba mimi ndiye niliyesahau kulisoma, kisha anaondoka. Mara kumi na moja nilihesabu. Kuna siku nilijifanya nina homa nikampeleka mtu mwingine na daftari, kwa ajili ya kuyakwepa macho yale.

Mtasema, kwani lazima sukari? Angekaanga muhogo. Alijaribu. Aliweka karai nje ya mlango wake, muhogo na chachandu, wiki tatu. Wanawake waliwakataza watoto wao wasikanyage pale. Wanaume walikuja, wakanunua kipande kimoja, wakakitafuna polepole huku wakimwuliza mambo yasiyohusu muhogo. Kila aliyetaka kumfuata zamani alikwenda kwa siri, sasa amepewa sababu ya kusimama mlangoni mchana. Akaliondoa karai. Vitumbua vilikuwa jambo jingine, maana watu walikuwa na uchu wa kitu kitamu mpaka wakawa wanakunywa chai kwa peremende, na bandarini kulikuwa na wafanyakazi wa kutoka Amani na Korogwe ambao hawakujua nani ni nani Ngamiani.

Rahila, mwenzake, alikuwa akimcheka. Siku moja nilimsikia akimwambia, wameketi kizingitini wanasukana.

"Miye nshatoka, shoga, nikarudi. Nimeolewa Pangani, na mahari nimelipiwa. Ugomvi wa chumvi, naambiwa rudi stesheni. Ugomvi wa kuni, rudi stesheni. Nikapata homa siku saba, kijiji kizima hakuna aliyenijia na maji. Huku nikiugua nakupata wewe. Sasa ukitoka wewe, nani atakuletea uji? Hao wenye mawe?"

"Mlango wangu uko palepale," Mwamvua akajibu. "Ukiugua utagonga mchana."

Rahila alicheka, lakini alimsukia mpaka mwisho, na rangi ile ya kijani ya jiwe yeye ndiye aliyemtafutia.

Ukaja mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa misukosuko. Kwanza walisakwa wenye mali za magendo, watu wakatupa sabuni mitaroni kwa woga, hata Fadhil akapungua unene. Mwisho wa mwaka ikaja operesheni ya nguvu kazi. Kila mtu mjini aoneshe kazi anayofanya, na asiye na kazi apelekwe shamba. Amri ikashuka mpaka kwetu mabalozi: leteni majina.

Nilikaa mezani na kalamu. Majina matano yalitosha, nami nilikuwa na manne, vijana wawili wavivu na wazee wawili walevi. Nilihitaji la tano, nikaandika: Mwamvua binti Masoud, hana kazi. Sikuuliza talaka. Sikuuliza mkuu wa kaya ni nani. Nilimwandika kwa mwandiko wangu mzuri wa karani wa reli, wenye mikia, na wino haukusita.

Walikuja kuwachukua saa tatu asubuhi, jua limeshapanda. Mtaa wote ulitoka nje kutazama. Rahila alikuwa amewahi kuruka uani, hakupatikana. Mwamvua alipandishwa lorini akiwa na kanga mbili na kifurushi. Askari alikuwa ameshika karatasi, akaisoma kwa sauti, na Mwamvua alipokuwa akipanda aliinama akaitazama. Nililiona jicho lake likipita kwenye herufi zangu. Kisha akanitafuta katikati ya watu mpaka akaniona.  Alimgeukia mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Bi Nasra," akaita, "nakuwekea amana. Jiwe langu liko nyuma ya mlango. Lisikose foleni."

Na Nasra, kwa mazoea ya mdomo, kama mtu wa kwetu anavyojibu akisikia neno hilo kabla hajafikiri, akajibu, "Nimepokea."

Lori likaondoka.

Hapo mke wangu alikuwa amejifunga. Mtu wa pwani anaweza kukusengenya mpaka ukakonda, anaweza kukunyima chumvi, lakini akikupokelea amana, hata ya adui yake, hata ya sindano, imemkaa shingoni mpaka uje uichukue. Nasra alirudi ndani, akauweka mwiko mezani.

"Nani aliyelipeleka jina lake?"

Nikasema amri ilitoka juu.

"Sikukuuliza amri. Nimeuliza jina."

Nikaitia kalamu mfukoni. Akasema, "Nilimtaka atoke mtaani. Sikumtaka apakiwe." Akaenda nyumba ya tatu, akarudi na kipande cha tumbawe amekifunika kwa upande wa kanga, akakiweka chini ya kitanda chetu. Nikalala juu ya jiwe lile miezi minne.

Lori la sukari lililofuata, Nasra alikwenda na mawe mawili. La relini aliliweka mahali pake, na la kijani akaliweka nyuma yake, la pili. Mwanamke mmoja akanyoosha mguu kulisukuma, kama walivyozoea, kama Nasra mwenyewe alivyowazoeza. Nasra akamwambia, "Hilo ni amana kwangu. Ukiligusa umenigusa mimi." Mguu ukarudi. Tangu hapo halikuguswa. Lilikwenda mbele hatua kwa hatua pamoja na mengine, likafika dirishani, likarudi nyumbani bila kitu, maana mimi nilikuwa bado nina daftari langu.

Mwamvua alirudi mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na nne, kwa miguu mpaka Muheza na kwa gari la machungwa mpaka mjini. Mikono yake yote ilikuwa michubuko ya mkonge. Hakwenda chumbani kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja kwetu, akabisha hodi, akamwambia Nasra, "Nimekuja kuchukua amana yangu." Nasra akainama chini ya kitanda akaitoa. Akaileta imeoshwa. Wakashikana mikono, na mke wangu akalia, akasema mbele yangu, "Nisamehe miguu yangu."

"Imekwisha," Mwamvua akasema. "Lori linakuja lini?"

Lilikuja baada ya siku sita. Mstari ulijaa. Walisimama pamoja, Nasra wa kwanza, Mwamvua wa pili, na mtaa wote ulikuwa unatazama. Nikasoma jina langu. Nasra akapokea sukari. Mwamvua akasogea dirishani, akaweka jiwe lake juu ya ubao, akanitazama.

"Mwamvua binti Masoud," akasema.

Kalamu nilikuwa nayo sikioni. Mstari mtupu ulikuwapo kwenye ukurasa. Nyuma yake walikuwapo wanaume wawili wa msikitini kwangu, na mmoja alikuwa ameanza kutabasamu kile kitabasamu nilichokiogopa tangu mwanzo. Nikasema, "Jina halimo. Anayefuata."

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na nimefanya makosa mengine, lakini hilo ndilo ninaloamka nalo.

Nasra hakunipigia kelele. Kuanzia siku hiyo alinipimia chai bila sukari. Nilipouliza, alijibu, "Yako iko nyumba ya tatu." Kila mwezi alikipeleka kikombe changu cha sukari kwa Mwamvua, nami nikanywa chai chungu mwaka mzima na zaidi, nikajitetea kwa majirani kwamba ni ushauri wa daktari. Lakini kikombe kimoja hakitoshi hata chuma kimoja cha kukaangia vitumbua. Mwamvua alikuwa na kodi ya chumba, na kadi ya kazi iliyoletwa na operesheni hakuwa nayo, kwa sababu kadi ilitaka barua ya balozi. Akarudi stesheni. Fadhil akarudi mlangoni kwake. Mwaka ule wote alikwenda kule akijua anakokwenda na nani amempeleka, na mimi nikipita jioni nikitoka magharibi nilikuwa nikishika njia ya pili ili nisimwone.

Rahila aliumwa mwaka huo, akakonda, akakohoa. Alikufa kabla ya mvua za vuli. Mwamvua alimwosha mwenyewe, na safari hiyo Nasra ndiye aliyemimina maji.

Kisha mambo yakaanza kulegea. Wenye fedha zao wakaruhusiwa kuleta bidhaa, maduka ya Wahindi na Waarabu yaliyokuwa na makopo matupu ya kupambia yakajaa, mitumba ikaanza kuning'inia Barabara ya Nane. Ghafla sukari ikawa kitu ambacho mtu anaingia dukani, anatoa pesa, anapimiwa, anatoka. Haina foleni, haina balozi. Fadhil akaonekana mchana akiuza baiskeli yake. Mawe yetu yakabaki mbele ya duka la ushirika, watoto wakayageuza magoli.

Mwamvua hakungoja hata wiki. Alinunua sukari, mchele, nazi na hamira, akaenda Tongoni akarudi na chuma cha mama yake, na alfajiri moja mtaa ukaamka kwa harufu ya iliki. Nasra akatoka, akaburuta kigoda chake mpaka mlango wa tatu, akaketi njiani kweupe, akala vitumbua vinne, kimoja baada ya kingine, akimtazama kila mwanamke anayepita. Wiki ya pili watoto walikuwa wanatumwa na sahani. Bandarini vilikuwa vinakwisha kabla ya saa tatu.

Msidhani wanaume waliacha kwenda. Mlango wake uligongwa jioni kwa miezi mingi, na wengine waligonga kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa. Yeye alijibu kutoka ndani, sauti ileile kwa kila mmoja, "Vitumbua ni asubuhi." Nilikuwa nikilisikia jibu hilo kutoka barazani kwangu, nyumba tatu, na kila nikilisikia nilijua kwamba mlango ule ungeweza kufungwa miaka mitatu nyuma.

Basi mwisho wa mwaka wa themanini na tano, asubuhi, baada ya kuuza, alikuja barazani kwangu. Alikuwa amebeba sahani iliyofunikwa na lile jiwe la kijani. Sahani akampa Nasra. Jiwe akaliweka juu ya meza yangu.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Mwamvua." Safari hii niliinua macho.

"Nimekuja uniandike kaya."

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Sukari ipo kila duka. Daftari lile halina kazi tena, limekaa kabatini linaliwa na mende. Kuandikwa kutakufanyia nini?"

"Nataka kuandikwa."

"Lakini hakuna kinachogawiwa."

"Mara moja uliniandika, Balozi," akasema. Alisema polepole, bila uchungu wa kuonesha. "Ile karatasi ya lori. Niliuona mwandiko wako. Siku ile hukuniuliza talaka, hukuniuliza mume yuko wapi. Basi kalamu unayo, na jina langu unalijua kuliandika. Niandike na humu."

 Nilikwenda kabatini, nikalipangusa daftari, nikafungua ukurasa wa Barabara ya Kumi na Tano. Mstari mtupu bado ulikuwapo, palepale. Nikaandika: Mwamvua binti Masoud. Kwenye nafasi ya mkuu wa kaya nikaandika: mwenyewe. Kwenye kazi nikaandika: mkaanga vitumbua. Mikia ya herufi haikutoka vizuri. Nikaandika tarehe ya siku ile, nikataka kutia sahihi.

Akaweka kidole juu ya tarehe.

"Siyo hiyo."

"Leo ni tarehe ishirini na tano, mwezi wa kumi na moja."

"Leo ni yako. Mie nilikuja tarehe sita, mwezi wa tisa, mwaka wa themanini na mbili. Jumatatu. Sukari ilikuja na mchanga. Andika hiyo."

Nikamwambia balozi haandiki tarehe isiyokuwa ya siku yake, ni kosa. Nikamsikia Nasra nyuma yangu amefunua sahani na hatafuni. Nikaikata tarehe ya leo kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake ile aliyonitajia, nikatia sahihi pembeni kama tulivyofundishwa reli tukisahihisha kosa letu.

Mwamvua alilivuta daftari kwake akasoma neno kwa neno, midomo ikienda, mpaka mwisho wa mstari. Alipomaliza alilifunga mwenyewe.

"Sasa mtu akija kukuuliza miaka hii yote Mwamvua alikuwa nani," akasema, "usimjibu kwa mdomo. Mwoneshe. Nilikuwa mkuu wa kaya, nasubiri sukari."

Akaniachia jiwe lile mezani. Akaenda kuloweka mchele wa kesho.